Mtaalamu wa TEHAMA Hospitalini Naye ni Mhudumu wa Afya

Katika muongo wa kwanza wa karne hii, wilaya ya Rungwe ililipatia taifa mawaziri wawili ambao wizara zao, kwa wakati ule, hazikuonekana kuwa na udugu wowote. Profesa Mark Mwandosya, Mbunge wa Rungwe Mashariki, aliiongoza Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, na ni katika kipindi hicho, mwaka 2003, ndipo ilipotungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Profesa David Mwakyusa, Mbunge wa Rungwe Magharibi, akaiongoza Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii kuanzia 2006 hadi 2010. Mmoja alishughulika na minara ya simu, mwingine na wodi za wagonjwa. Leo mambo hayo mawili yamekutana katika chumba kidogo ndani ya hospitali, ambamo ameketi kijana aliyezungukwa na nyaya, na ambaye watumishi wenzake humwita "mtu wa kompyuta". Makala haya yanamhusu yeye.

Hoja yangu ni moja. Mtu huyu ni mhudumu wa afya, na taifa linapaswa kumwandaa, kumwajiri, kumlipa na kumwajibisha hivyo. Tukiendelea kumhesabu kama fundi wa printa, gharama ya kosa hilo haitalipwa na wizara wala na halmashauri. Italipwa na mgonjwa.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatuijui. Tuseme mkulima wa chai ameshuka Tukuyu mjini akitokea Katumba, anaumwa tumbo, na anaelekea hospitali ya umma. Mapokezi, jina lake huingizwa kwenye mfumo. Akiwa na bima, uhalali wa uanachama wake huhakikiwa kwa mtandao. Asipokuwa nayo, hupewa namba ya malipo, ile ambayo wananchi wameizoea kwa jina la kontroo namba, na fedha yake huingia serikalini kupitia mfumo wa GePG ulioanza kutumika mwaka 2017. Daktari huagiza kipimo kwa kompyuta. Maabara hupokea agizo, hupima na kurudisha jibu. Daktari huandika dawa. Mfamasia huitoa na salio la stoo hupungua. Mwisho wa mwezi mkulima yule hugeuka kuwa takwimu: namba moja ndani ya taarifa inayopanda hadi wizarani, mstari mmoja katika madai yanayopelekwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na shilingi kadhaa katika hesabu za kituo.

Katika safari hiyo yote mgonjwa hamwoni mtaalamu wa TEHAMA hata mara moja. Lakini iwapo seva itazimika, jibu la maabara litasafiri kwa miguu, mfamasia atatoa dawa bila kujua salio lake, na mhasibu hatajua fedha ya siku ile imekwenda wapi. Kazi njema ya mtu huyu haionekani. Kinachoonekana ni siku aliyoshindwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya jamii kutomthamini.

Sababu nyingine ni imani kwamba kazi yake ni ya mashine tu, haihitaji kuwajua watu. Rungwe yenyewe inakanusha imani hiyo. Sehemu kubwa ya majina ya ukoo ya Wanyakyusa huanza kwa herufi tatu zilezile: kina Mwakyusa, kina Mwaipopo, kina Mwakalinga, kina Mwasomola. Majina ya mtu binafsi nayo hujirudia kijiji hadi kijiji: kina Atupele, kina Anyisile, kina Tusajigwe. Wazee wengi hawana tarehe kamili ya kuzaliwa, na karani mwenye haraka huwaandikia Januari mosi ya mwaka wa kukisia. Karani huyo akiandika herufi tatu za mwanzo, kompyuta humletea orodha ndefu ya watu wanaofanana kwa jina na pengine hata kwa tarehe. Akibonyeza mstari wa juu badala ya ule wa chini, amefungua jalada la mtu mwingine. Daktari atasoma kwamba mgonjwa aliye mbele yake hana mzio wa dawa fulani, kumbe anao. Au atampa majibu ya damu ambayo si yake.

Nani anazuia kosa hilo? Ni yule aliyeamua mapema kwamba mfumo usikubali jina peke yake, bali udai pia jina la mama, kitongoji, namba ya simu, au namba ya kitambulisho cha taifa pale ilipo. Uamuzi huo unahitaji mtu anayeijua kompyuta, anayejua maana ya kosa la kitabibu, na anayejua jinsi watu wa Tukuyu wanavyoitana. Anayejua kompyuta peke yake hatoshi.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu, na kwamba tuyasubiri yakomae huko yalikotoka. Historia inasema vingine. Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vya afya vimekuwa vikijaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi, na vinginevyo. Muuguzi alijaza mistari kwa kalamu, na mwisho wa mwezi akajumlisha kwa mkono. Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa Afrika Kusini, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, walianza kutengeneza programu ya kukusanya takwimu za afya za wilaya, ambayo baadaye ilizaa DHIS2. Zanzibar ilianza kuitumia programu ya familia hiyo mwaka 2005. Kenya iliisambaza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa mstari wa mbele katika kuijenga na kuifundisha.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini karibu na Eldoret. Mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, kituo hicho kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa nje kwa kompyuta. Uzoefu uliopatikana pale ulichangia kuzaliwa, mwaka 2004, kwa OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika. Mosoriot si Nairobi, wala si Boston. Ni mahali pa mahindi na ng'ombe wa maziwa, kama Rungwe ilivyo mahali pa chai, ndizi na viazi. Kilichoiwezesha ni watu waliokaa karibu na wauguzi na matabibu, wakaitazama foleni, wakauliza maswali, wakarekebisha fomu hadi ikafaa. Sioni kwa nini Makandana, Igogwe au Itete zisiweze kuzaa kitu cha namna hiyo, iwapo patakuwa na watu wa kazi hiyo na muda wa kuifanya.

Serikali, kwa haki yake, haikukaa bure. Wataalamu wetu wenyewe, chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI, walitengeneza mfumo wa GoT-HoMIS wa kuendesha shughuli za hospitali, na hilo ni jambo la kujivunia katika nchi iliyozoea kununua programu za nje kwa leseni za kila mwaka. Katika mwaka wa fedha 2017/18 ulianza utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja kwenye vituo vya afya na zahanati, na pamoja nao ukaja mfumo wa hesabu wa FFARS. Ipo mifumo ya kuagiza dawa, ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ya chanjo na ya watumishi. Kila mmoja ulikuja na semina ya siku chache, posho na cheti. Mifumo iliongezeka. Watu wa kuitunza hawakuongezeka kwa kadiri hiyo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anafanya kazi katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo sitaitaja. Alinionyesha orodha ya majukumu yake kama ilivyoandikwa na mwajiri. Kulikuwa na kutengeneza kompyuta, kufunga mtandao, kubadilisha wino wa printa, kuandaa projekta ya vikao, na mwishoni ile sentensi inayojulikana na kila mtumishi wa umma: na kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Nilimwuliza ni wapi palipoandikwa usalama wa taarifa za mgonjwa. Alicheka. Nikamwuliza ni wapi palipoandikwa kukaa na matabibu kuangalia kama fomu za mfumo zinalingana na kazi yao. Akasema kwamba hiyo ndiyo kazi inayomla muda mwingi kuliko zote, na ndiyo isiyoandikwa popote. Orodha ile ilikuwa imeandikwa na mtu anayedhani kwamba hospitali ni ofisi yenye vitanda.

Tuitazame sasa hali ya mahali penyewe. Miteremko ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania. Mvua hiyo ndiyo inayoipa wilaya chai na ndizi zake; ndiyo pia inayoleta radi, unyevu ndani ya vifaa, utelezi wa barabara za vijijini na kukatika kwa umeme. Kompyuta iliyofungwa bila kinga ya radi na bila waya wa ardhi ulio imara haijafungwa, imewekwa tu. Mtaalamu aliyesoma mjini, katika chumba chenye kiyoyozi, anapaswa kujifunza upya akifika huku: nakala rudufu zihifadhiwe wapi, betri zidumu saa ngapi, jenereta iwashwe kwanza kwa ajili ya chumba cha upasuaji au cha seva, na zahanati iliyo bondeni ipeleke vipi taarifa zake pale mnara usipofika.

Na wakati mwingine tatizo halitoki mawinguni. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na hali hiyo ikadumu kwa siku kadhaa. Mjadala wa kisiasa juu ya tukio hilo la pili una mahali pake, nami sitaukwepa siku nyingine. Hapa nauliza swali la hospitali tu: uhakiki wa bima, namba za malipo na taarifa za rufaa vinapotegemea mtandao, mgonjwa wa siku hizo anahudumiwaje? Ofisi nyingine zinaweza kumwambia mwananchi kwamba mtandao hakuna, arudi kesho. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi hana kesho ya namna hiyo. Hospitali inahitaji mtu aliyekwisha kuandaa utaratibu wa kazi bila mtandao, akachapa fomu za dharura, akawafundisha wauguzi wa zamu ya usiku, na ambaye mtandao ukirejea anasimamia uingizaji wa karatasi zile bila kupoteza hata moja. Hiyo ni kazi ya kitaalamu. Haifanywi na mtu aliyeitwa kubadilisha wino.

Zingatia pia upande wa fedha. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kwa miaka mingi sasa hospitali zetu, za serikali na za makanisa, zimetegemea malipo yake kununulia dawa na vitendanishi. Dai lenye namba isiyo sahihi, kipimo kisicho na agizo la daktari, au dawa isiyolingana na ugonjwa ulioandikwa, hukatwa. Mgonjwa ametibiwa, dawa imetumika, na fedha haiji. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nia ya sheria hiyo ni njema, lakini bima ya watu wote ina maana ya madai mengi zaidi, uhakiki mwingi zaidi, na kwa hiyo makosa mengi zaidi iwapo hakutakuwa na watu wa kuyazuia. Hospitali ya wilaya iliyokosa mtaalamu wa mifumo italipia ukosefu huo kila mwezi, kimyakimya, katika rafu tupu za famasi.

Pamoja na kulinda mapato hayo, mtaalamu wetu hubaki katika ngazi za mishahara za watumishi wa kawaida, TGS, wakati kada za afya zina ngazi zao za TGHS. Posho ya kuitwa kazini usiku kwa kawaida ni ya tabibu na muuguzi, ingawa seva haichagui saa ya kuzimika. Sidai kwamba mtu wa kompyuta alipwe kama daktari bingwa. Ninachodai ni kwamba anayeitwa saa nane za usiku kwa sababu majibu ya maabara hayafiki chumba cha upasuaji, ahesabiwe kuwa ameitwa kwa ajili ya mgonjwa.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko fedha, nalo ni siri. Tukuyu ni mji mdogo. Mtu anayekutana nawe sokoni asubuhi ndiye utakayeketi naye kanisani Jumapili, na huenda mkwe wako ni jirani yake. Daktari na muuguzi wamefungwa na viapo na mabaraza yao ya kitaaluma. Wakitoa siri ya mgonjwa wanaweza kufutiwa leseni. Lakini mtu mwenye uwezo wa kufungua jalada la kila mgonjwa, wa kila wodi, wa kila mwaka, si daktari wala muuguzi. Ni msimamizi wa mfumo. Yeye anaweza kujua nani anatumia dawa za kufubaza virusi, nani alipoteza mimba, nani alilazwa kwa ugonjwa wa akili. Ni baraza gani la afya linalomsimamia? Kwa sasa hakuna.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume ya kuisimamia. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini sheria iliyoko Dodoma haibadilishi nywila iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani ili watumishi watano waitumie kwa zamu. Mahali ambapo watu watano wanaingia kwa jina moja, hakuna anayeweza kujua nani alifungua jalada la nani, na sheria hukosa mtu wa kumshika.

Wenzetu wamekwisha kuonja machungu yake. Nchini Finland, mwaka 2020, wagonjwa wa kampuni ya tiba ya saikolojia iitwayo Vastaamo walianza kupokea barua pepe za vitisho: walipe, la sivyo maneno waliyomwambia mtabibu wao faraghani yatawekwa hadharani. Taarifa za makumi ya maelfu ya watu zilikuwa zimeibwa kwa sababu hifadhidata haikulindwa ipasavyo. Uingereza, Mei 2017, virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilifunga mashine katika hospitali nyingi za umma, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi ya mwaka huohuo. Dawa ilikuwepo, ila mashine nyingi hazikuwa zimepewa. Finland na Uingereza ni nchi tajiri, zenye mashine nyingi kuliko zetu. Lililopungua kwao ni uangalizi wa kila siku, na uangalizi wa kila siku ni kazi ya watu.

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni pingamizi la heshima. Litasema hivi: nchi hii ina upungufu wa madaktari, wauguzi na wakunga, zahanati nyingine zina watumishi wawili tu, je, ni haki kutumia ikama ya ajira kwa watu wa kompyuta? Swali hilo halipaswi kudharauliwa. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, kazi ya taarifa inafanyika tayari, na anayeifanya ni muuguzi. Ndiye anayejaza vitabu vya MTUHA, ndiye anayeingiza takwimu kwenye mfumo, ndiye anayeketi jioni kurekebisha madai yaliyorudishwa. Saa anazozitumia kwenye kompyuta iliyogoma ni saa anazoondolewa kitandani kwa mgonjwa. Kutomwajiri mtaalamu wa mifumo hakuokoi mshahara. Kunautumia mshahara wa muuguzi kwa kazi ambayo hakusomea. Pili, hakuna anayependekeza mtaalamu kwa kila zahanati. Wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo. Timu ndogo kwa kila halmashauri, yenye usafiri na vipuri, ikihudumia hospitali kwanza na kuzungukia vituo na zahanati kwa ratiba inayojulikana, ingebadilisha mengi kwa gharama ndogo kuliko ya gari moja la kifahari la mradi.

Nimetaja mradi kwa makusudi. Sehemu kubwa ya kazi ya takwimu katika kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika mikoa mingi, ilifanywa na makarani waliolipwa kwa fedha za wafadhili. Januari 2025, Rais wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje kwa amri moja, ajira za namna hiyo zilitikisika kwa siku chache tu, na kumbukumbu za wagonjwa zikaonekana jinsi zilivyoegemea mkoba wa mtu mwingine. Nchi inaweza kupokea msaada wa dawa, wa magari, hata wa majengo. Lakini kujua wagonjwa wake ni nani, wako wapi na wanatumia dawa gani ni sehemu ya kujitawala kwake. Kazi hiyo haifai kuwekwa rehani.

Naomba sasa niseme na vijana, hasa wale wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilomita takribani 70 kutoka Tukuyu, na wale wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaosoma shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Wengi wenu mnaota kazi ya benki au ya kampuni ya simu jijini Dar es Salaam, au kuanzisha kampuni ya programu ya kuitisha pikipiki. Sina ugomvi na ndoto hizo. Ila jueni kwamba ipo kazi ambayo ndani yake programu yako hupunguza siku za mgonjwa kulazwa, huonyesha mapema kwamba usubi au malaria imeongezeka katika kata fulani, na humfanya mjamzito mwenye shinikizo la damu aliyepewa rufaa akutwe na watu wanaomsubiri mlangoni. Kazi hiyo ina masharti yake. Jifunzeni lugha ya wodi. Ketini mapokezi wiki nzima kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Mjue tofauti ya kipimo kilichoagizwa na kilichofanyika. Na mjue kunyamaza, kwa sababu mtayaona ya watu.

Kwa walio madarakani nina mapendekezo manne. Kwanza, kada ya mtaalamu wa mifumo ya taarifa za afya itambuliwe rasmi katika muundo wa utumishi wa hospitali, kwa ngazi na posho zinazolingana na kazi ya afya, na majukumu yake yaandikwe upya na mtu anayeijua hospitali. Pili, kila mwenye uwezo wa kufungua majalada ya wagonjwa ale kiapo cha siri na awe chini ya chombo cha nidhamu ya kitaaluma. Wizara ya Afya, Tume ya TEHAMA na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wana uwezo wa kukaa meza moja na kulimaliza hili. Tatu, kila hospitali iwe na utaratibu ulioandikwa wa kufanya kazi bila mtandao na bila umeme, na ujaribiwe angalau mara mbili kwa mwaka kama tunavyojaribu vizima moto. Nne, hakuna mfumo mpya upokelewe, uwe wa serikali au wa mfadhili, bila kueleza nani atautunza baada ya semina kwisha, na atalipwa na nani.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji muujiza. La kwanza linahitaji waraka, la pili kanuni, la tatu siku mbili za mazoezi, la nne ujasiri wa kumwambia mtoa zawadi kwamba zawadi isiyo na mlezi ni mzigo. Tunazindua kompyuta kwa kukata utepe na kupiga picha. Msomaji akihudhuria uzinduzi wa namna hiyo hapo Tukuyu au kwingineko, namsihi amwulize mgeni rasmi swali moja tu: mtu atakayezitunza anaitwa nani, na ameajiriwa kwa cheo gani?